Ruta ya kusafiri nayo: majibu kwa wasomaji wa Mwanza na ukingo wa ziwa

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote ukingoni mwa Ziwa Victoria, na zinauliza jambo linalofanana: intaneti ndani ya gari la kulala, karavani au boti. Maswali tumeyafupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo kosa moja linaweza kuunguza kifaa au kumaliza betri.

Ndugu wahariri, tunageuza Coaster iwe gari la kulala wageni: vitanda vinne, jiko na friji ndogo. Safari zetu ni Mwanza, Magu, Lamadi, lango la Ndabaka hadi ndani ya Serengeti, kisha Musoma. Muuza duka anasisitiza tuchukue ruta ya 5G ya nyumbani kwa kuwa ndiyo yenye kasi kuliko zote alizonazo. Tuichukue? — Msomaji, Capri Point

Msiichukue kabla hamjajua umeme wa gari lenu. Coaster nyingi za dizeli zina betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, na injini ikiwaka, mita itaonyesha kati ya 27 na 29. Ruta ya nyumbani imetengenezwa kwa volti 12 zilizotulia, nyingine kwa 9. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye nyaya za gari, itakufa siku hiyohiyo. Hata kwenye Hiace ya volti 12 haiko salama, kwa sababu umeme wa gari hautulii: stata ikizunguka hushuka hadi volti 8 au chini yake, injini ikishika hupanda hadi 14 na ushei, na mzigo mkubwa ukizimwa ghafla hutokea mruko mfupi wa makumi ya volti.

Kuna mafundi ambao, wakiona gari ni la volti 24, huchukua umeme wa ruta kwenye betri moja tu kati ya zile mbili ili wapate 12. Wazuieni. Betri ile moja itakuwa inaliwa kila siku na mwenzake yupo tu. Gari likichaji, iliyoliwa haijai na isiyoliwa inachajiwa kupita kiasi. Baada ya miezi mnanunua betri mbili mpya na hamjui sababu.

Njia sahihi ni mbili. Ya kwanza ni ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, inayopokea volti nyingi kwa upana. Mfano ni Teltonika RUTX11, inayopokea kuanzia volti 9 hadi 50. RUT241 ya kampuni hiyohiyo ni ndogo na inapokea 9 hadi 30. Kwa Hiace inatosha kabisa, lakini kwa Coaster inayofika 29 mnabaki na nafasi finyu mno, tusingeifunga bila kinga. Njia ya pili ni kubaki na ruta ya nyumbani na kuweka katikati kifaa cha kusawazisha umeme: kinapokea kati ya volti 9 na 36, kinatoa 12 zisizotikisika, ampea 3. Angalieni kiandikwe kwamba kinapandisha na kushusha. Kwenye gari la volti 12, kinachoshusha tu kitaiacha ruta ikizima kila mkiwasha gari, na kuwaka tena huchukua dakika moja hadi tatu. Nyaya ziwe za milimita 1.5 za mraba, fyuzi ya ampea 3 ikae karibu na betri. Ikikaa karibu na ruta, waya wote wa kutoka kwenye betri unabaki bila ulinzi.

Sasa kasi. 5G kwa sasa ni ya mjini zaidi, na nje ya mji ruta yenu itarudi kwenye 4G muda mwingi wa safari. Kwa hiyo ulizeni 4G yake ni ya daraja gani. Daraja la 4, lile linaloandikwa Cat 4 kwenye boksi, hufika megabiti 150 kwa sekunde kwa nadharia na hutumia bendi moja, yaani fungu moja la masafa ya redio, kwa wakati. Daraja la 6 hufika 300 kwa kuunganisha bendi mbili. Wageni wanne wakitazama video za ubora wa kawaida hawavuki megabiti 12 wote pamoja, kwa hiyo si kwamba mnahitaji 300. Faida ya daraja la 6 ni kwamba mnara ukiwa na watu wengi jioni, bendi ya pili inawaokoa.

Bendi zenyewe ni muhimu kuliko daraja. Tafuteni kifaa chenye bendi ya 3, 20, 28, 40 na 41, yaani megahezi 1800, 800, 700, 2300 na 2600. Za chini, 700 na 800, ndizo zinazofika mbali porini na kupenya kuta. Za juu hubeba data nyingi lakini karibu na mnara. Ruta ya soko la Marekani yenye bendi za 2, 4, 12, 13, 66 na 71 itawaka vizuri, itaonyesha waifai, na intaneti hamtaiona. Hili linatuuma kwa sababu watu hununua mtandaoni kwa kutazama picha tu.

Kwa njia yenu chukueni ruta yenye nafasi ya laini mbili, ya mitandao miwili tofauti. Ndani ya hifadhi minara ni michache na hakuna mtandao mmoja unaoshinda kila mahali. Fahamuni lakini kwamba ruta nyingi za laini mbili zina modemu moja, ile sehemu inayoongea na mnara: laini moja inafanya kazi, nyingine inasubiri. Kasi haijumlishwi. Na sharti la kubadilisha laini msilipange kwa nguvu ya mawimbi peke yake, maana gari likiwa kwenye vilima ruta itarukaruka kati ya laini mbili na kila mruko hukata intaneti hadi dakika nzima. Pangeni ijaribu kufikia anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8, kila sekunde 30. Ikishindwa mara tatu mfululizo ndipo ibadilishe, na isirudi kwenye laini ya kwanza kabla ya dakika 15.

La mwisho kwenu ni joto. Ruta za nyumbani nyingi zimepimwa hadi nyuzi 40 tu. Gari lililofungwa vioo juani linapita hapo mchana wowote wa Mwanza. RUTX11 imepimwa hadi 75. Popote mtakapoifunga, isiwe kwenye dashibodi wala juu ya friji.

Wahariri, nina ruta nzuri ya 4G ndani ya kabati la gari langu la kambi, pamoja na antena ya paani yenye waya wa mita 10. Inaonyesha vijiti vinne vya mtandao lakini video inakwama, hata nikiwa hapahapa Nyakato. Fundi anasema nibadilishe ruta. — Msomaji, Nyakato

Ruta usiibadilishe bado, kaka. Vijiti vinne havisemi mengi. Fungua ukurasa wa ruta yako kwenye kivinjari na utafute namba mbili: RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Juu ya −90 ni nzuri, −100 ni ya wastani, chini ya −110 utahangaika. SINR ni usafi wa mawimbi hayo ukilinganisha na kelele: juu ya 13 ni nzuri, kati ya 0 na 13 utasukuma kidogo, chini ya 0 video itakwama hata vijiti vikijaa. Mjini mara nyingi shida iko kwenye SINR, kwa sababu antena yako inasikia minara mingi kwa pamoja. Hapo jaribu kuifunga ruta kwenye bendi moja, kisha nyingine, ukipima kasi kila mara. Pima asubuhi na tena saa mbili usiku. Ikiwa namba zote mbili ni nzuri na usiku bado pazito, mnara umejaa, na dawa yake ni laini ya mtandao mwingine.

Lakini tunaushuku waya wako. Waya wa kawaida aina ya RG58 hupoteza karibu desibeli 0.8, kipimo cha nguvu inayoongezeka au kupotea, kwa kila mita kwenye megahezi 1800. Mita 10 ni desibeli 8, maana yake sehemu kubwa ya nguvu iliyokusanywa paani inaishia njiani, na ule uliozungushwa kabatini kama kamba ya mbuzi unakula sawa na ulionyooka. Antena ya kawaida ya paani inaongeza desibeli 3 hadi 5. Umelipa ili upate hasara. Kata waya ubaki mita 2 au 3 na ufungwe koneksheni mpya, au hamisha ruta iende karibu na antena. Kurefusha waya wa umeme au wa mtandao hakuna hasara ya maana. Kurefusha waya wa antena kunayo.

Kagua pia mambo mawili. 4G hutumia antena mbili kwa wakati mmoja. Kama umechomeka waya mmoja tu, au zote mbili lakini moja kwenye tundu la waifai, umejikata mguu. Pili, koneksheni za 4G kwa kawaida ni SMA na za waifai ni RP-SMA. Zinafungana vizuri kwa nje, ila ukichanganya, sindano ya katikati haigusi kitu. Chungulia ndani: upande mmoja lazima uwe na sindano, wa pili tundu.

Na kabla hujatoboa paa kwa antena yoyote, fanya jaribio ambalo halina gharama. Andika RSRP ruta ikiwa kabatini, kisha iwashe ukiwa umeishika nje, juu ya usawa wa paa. Bodi la chuma huweza kula desibeli 10 hadi 20. Tofauti ikiwa 3 tu, acha paa lako. Ikiwa 15, toboa kwa moyo mweupe: paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa tundu, weka mpira na silikoni, na waya ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke pale na yasifuate waya hadi ndani. Wenye karavani za faiba wajue kwamba baadhi ya antena zinahitaji bati chini yake ili zifanye kazi. Ulizeni dukani kama hiyo mnayoinunua inajitegemea.

Nina boti ya watalii pale Kirumba, tunakwenda Ukerewe na visiwa vya njiani. Nilinunua antena ndefu ya fimbo ya desibeli 12 nikijua nitapata mtandao katikati ya maji. Imekuwa mbaya kuliko ile fupi ya mwanzo. Tatizo nini? — Msomaji, Kirumba

Tatizo ni urefu wa fimbo yenyewe. Antena haitengenezi nguvu, inaibana tu. Fimbo ya desibeli 12 imeyabana mawimbi hadi yakawa kama sahani nyembamba, ya nyuzi kama 7 kutoka juu hadi chini. Boti ikiyumba nyuzi 10, sahani hiyo mara inatazama mawingu, mara inatazama sato. Kwa chombo kinachoyumba tumia antena ya desibeli 3 hadi 5. Sahani yake ni nene, ukiyumba bado inagusa nchi kavu. Na ziwe mbili, zimesimama wima, zimeachana angalau sentimita 20. Soma pia kibandiko, kwa sababu fimbo nyingi zinazouzwa kama za 4G ni za waifai ya megahezi 2400 tu. Inatakiwa iandikwe 698–960 na 1710–2700.

Kuhusu umbali, maji yanakupa kitu ambacho barabara hainayo: hakuna mti wala nyumba. Kinachobaki ni mviringo wa dunia na miamba ya visiwa. Chukua urefu wa antena ya mnara juu ya maji kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Fanya hivyo kwa antena yako pia, kisha jumlisha. Mnara uliosimama kilimani, antena zake zikiwa mita 81 juu ya ziwa: 9 mara 4.1 ni karibu kilomita 37. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji: kilomita 8. Jumla 45. Ukiifunga kwenye ukingo wa boti, mita 1 tu, unapoteza kilomita 4 bila sababu. Ipandishe juu ya paa la boti, mbali na bomba la moshi.

Usikate tamaa namba zikipanda na kushuka ovyo siku ya maji tulivu. Mawimbi ya redio hukufikia mara mbili, moja kwa moja na kwa kudunda juu ya maji, na yale mawili huja yakisaidiana au yakifutana kadri unavyosogea. Kusogea mita chache kunaweza kubadilisha hali. Vilevile nyuma ya kisiwa cha mwamba utakatika hata ukiwa karibu na mji; mwamba wa Mwanza haupenyeki.

Antena ya kuelekeza upande mmoja usifunge. Hata boti ikitia nanga, upepo wa jioni huizungusha.

Unyevu wa ziwa nao una lake. Koneksheni za nje zifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uivute hadi iwe nyembamba ukizungusha kutoka chini kwenda juu, kisha tepu nyeusi juu yake. Bila hivyo, utakuta kijani cha kutu ya shaba ndani yake, na RSRP itashuka polepole hadi usijue ilianza lini. Boksi la ruta liwe na wavu kwenye matundu ya hewa: vile vidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi huvutwa na taa za ruta na kuziba kila upenyo.

Shikamooni wahariri. Tunapiga kambi Igombe na gari letu dogo. Ruta ya nyumbani tunaiwasha kwa inveta, betri ni N70 ileile ya gari. Kila asubuhi ya pili gari haliwaki. Ruta ndogo vile inamalizaje betri? — Msomaji, Igoma

Marahaba. Ruta haina makosa makubwa, inveta ndiyo mlaji. Ruta inatumia wati 8 hivi. Inveta yenyewe, hata bila kubeba kitu, hula wati 10 kwa kuwa imewashwa tu, na hupoteza kiasi inapogeuza umeme. Jumla inakaribia wati 19, yaani ampea 1.6. Kwa saa 36 ni ampea-saa 58, na N70 mpya kabisa ina kama 70. Stata haina cha kushika.

Tupa inveta kwenye hesabu hii. Ruta hiyohiyo kwa kifaa cha kusawazisha tulichokieleza juu inakula kama ampea-saa 16 hadi 18 kwa siku nzima. Ongeza betri ya pili ya kukaa nayo, ya ampea-saa 100, isiyoguswa na stata. Ukitumia nusu yake tu, kama betri za asidi zinavyotaka, una siku karibu tatu bila jua. Paneli ya wati 80 iliyolala paani hurudisha zaidi ya kinacholiwa kwa siku yenye jua. Weka kikata umeme kwenye volti 11.8, na usiku lala umeizima ruta. Ni robo ya matumizi umeiokoa.

Bando la GB 20 liliisha ghafla tukiwa Mutukula, kabla hata ya kuvuka. Tuliibiwa? — Msomaji, Bukoba

Huenda ruta ilishika mnara wa ng'ambo. Mpakani mawimbi hayasimami kwenye geti, na hali ni hiyohiyo Sirari. Zima data ya nje ya nchi kwenye ukurasa wa ruta, si kwenye simu, kwa sababu laini iko ndani ya ruta. Kisha ingia kwenye orodha ya mitandao, uchague wa kwako kwa mkono badala ya kuiacha ijichagulie. Sababu nyingine ya bando kuyeyuka ni simu na kompyuta zinazojisasisha zikiona waifai. Ziambie kwamba waifai hiyo inalipiwa kwa kipimo. Mpangilio huo upo kwenye Android, iPhone na Windows.

Nimeletewa ruta iliyotumika kutoka Ulaya. Nikaguaje kabla ya kumlipa mtu? Na bando nitanunuaje wakati ruta haina kioo cha kupigia menyu? — Msomaji, Magu

Dada, mlipe baada ya kuiona ikifanya kazi kwa laini yako mwenyewe. Chini ya ruta kuna IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, tarakimu 15. Itume kwa ujumbe kwenda 15090, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakujibu kifaa ni cha aina gani. Jina likija tofauti na lililoandikwa kwenye kibandiko, achana nacho: tangu Juni 2016 vifaa bandia vinazimwa kwenye mitandao ya nchi. Kisha weka laini. Ikikuomba namba ya kufungulia, imefungwa kwa mtandao wa huko ilikotoka. Usibahatishe namba, majaribio yana hesabu na yakiisha inajifunga. Ikikubali laini lakini intaneti haiji, kagua APN, jina la njia ambayo ruta hupitia kuingia intaneti ya mtandao husika. Ruta ya mtu mwingine huwa na APN ya mtandao wake wa zamani, na lazima uandike ya mtandao wako, herufi kwa herufi.

Bando nunua kwa programu ya mtandao wako, au kwenye simu yako chagua kununua kwa namba nyingine na uandike namba ya laini ya ruta. Iandike namba hiyo kwa kalamu kwenye kibandiko cha ruta leo. Kutoa laini kila mara hulegeza kishikizo chake, na laini ndogo ndani ya adapta ya plastiki hukwama kabisa. Kwa gari la biashara, laini isajiliwe kwa jina la biashara, isiwe kwa alama za vidole za dereva. Akiondoka na laini ikaleta shida, ni yeye peke yake anayeweza kuirudisha. Mwenye laini anaweza kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#.

Tunapofika kwenye loji yenye waifai ya bure, ruta yetu inaiona na kuunganika, lakini simu zetu hazipati kitu. — Msomaji, Lamadi

Kuna uwezekano ruta yenu na ya loji zote zinajiita 192.168.1.1, kwa hiyo ruta yenu haijui data iende wapi. Badilisheni anwani ya ruta yenu iwe 192.168.50.1, iwasheni upya. Ikiwa bado, loji ina ukurasa wa kuandika nenosiri kwanza: fungueni kivinjari kwenye simu moja iliyoungana na ruta yenu, nendeni kwenye tovuti yoyote inayoanza na http bila s, ukurasa utajitokeza. Mkimaliza simu moja, nyingine zote zitapita.